Pima Nne za Ukili

Boti ilikuwa iondoke Mkoani, bandari yetu ya Pemba, saa 2 za asubuhi. Ilipofika saa 5 mama alikuwa keshasuka pima 4 za ukili, ule utepe wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, na mimi nilikuwa nimeitoa simu mfukoni na kuirudisha mpaka chaji imebaki robo.

Ilikuwa Julai, kusi imekaza. Upepo ulikuwa ukiyapeperusha mabuibui ya akina mama waliokalia mizigo yao, na kofia ya mzee mmoja iliruka ikaishia majini, watoto wakakimbilia ukingoni kuitazama inavyokwenda. Nilikuwa nampeleka mama mjini kwa ajili ya macho. Alikuwa na mtoto wa jicho, kulia zaidi kuliko kushoto, na mwenyewe akisema watu anawaona kama waliolala ndani ya chandarua. Kusuka hakukumpa tabu. Kikapu cha chane za ukindu kilikuwa miguuni pake, nyengine nyeupe, nyengine zimetiwa rangi, na vidole vyake vilikwenda bila ya kuyauliza macho chochote. Kila ukili ulipofika urefu wa mikono yake miwili iliyonyooshwa, aliukunja, akahesabu kimoyomoyo, akaendelea.

Mimi nilikwenda mara 4 kwa kijana aliyekaa mlangoni, na mara zote 4 jibu lilikuwa moja: upepo, bado hatujaruhusiwa. Nikarudi kwa mama na hasira kama kwamba yeye ndiye aliyeichelewesha boti.

"Mama, watu hawa hawana hata haya. Sisi tumeamka saa 10 za alfajiri."

"Kwani wanaovuma ni wao?"

Yule mzee aliyepotewa na kofia alikuwa na nyengine mkononi, anaishona viua, sindano inaingia na kutoka kama kwamba hakuna kilichompata. Akasema bila ya kuinua kichwa: "Bora tungojee hapa."

Hakuna aliyemuuliza ana maana gani. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kuja Pemba imejaa kupita kiasi, ilizama kwenye mkondo wa Nungwi. Asubuhi ile Pemba ilikuwa na watu wanaongoja. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, ikazama Skagit karibu na Chumbe, ikitoka Dar es Salaam. Mimi nakumbuka gati hii kabla ya miaka hiyo: upepo ukitajwa, watu wakipiga kelele, wakidai nauli zao, wakimsukuma kijana wa mlangoni. Siku hizi upepo ukitajwa, pana kimya. Watu hufungua vyakula vyao. Akina mama hutandika kanga na kulaza watoto. Kuchelewa ambako zamani kulikuwa dharau, leo wengi wetu tunakupokea kama mtu aliyetushika mkono tusivuke njia.

Saa zilikuwa zilezile 3, benchi lilelile, upepo uleule. Mama alishuka boti Malindi, Unguja, na pima 4 za ukili kwenye kikapu. Mimi nilishuka na kichwa kinaniuma. Nikajisemea nililokuwa nikijisemea tangu utotoni: mama ana subira, mimi sina, Mungu kagawa hivyo. Nililichukulia jambo hili kama urefu wa mtu au rangi ya ngozi yake. Siku 10 zilizofuata ndizo zilizonionesha kuwa sikuwa najua subira ya mama imesimama juu ya nini.

Lakini kwanza niseme alikojifundishia.

Kukua Pemba ni kukua ukingoja vitu visivyoharakishika. Bahari hujaa mara 2 na kupwa mara 2 kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiwa mchanga kabisa au umetimia, huja bamvua, na kina cha maji hupanda na kushuka karibu mita 4, mpaka ukiitazama pwani saa za kupwa unaona mwamba ambao jana hukujua kama upo. Baina ya bamvua moja na nyengine ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayarudi kwa nguvu. Mama hana kalenda ya maji. Ukimuuliza siku ya mwezi 15 bahari itapwa saa ngapi, hatoki nje kutazama. Anakwambia "saa 4 na kidogo", na ukishuka pwani saa 4 na kidogo unaikuta imekwenda. Kwa miaka mingi alifunga mwani, kilimo kilichoanza kwetu Zanzibar mwaka 1989 huko mashariki ya Unguja kisha kikatufikia. Unafunga vipande kwenye kamba, unazinyoosha baina ya vigingi vya miti, unarudi nyumbani, unangoja kama wiki 6. Huwezi kuuvuta mwani ukue. Lakini kila bamvua ikija unashuka kuutazama, unatoa taka, unakaza kamba iliyolegea.

Na karafuu. Mkarafuu ukiupanda leo utangoja miaka 6, pengine 8, ndipo uone maua. Tufani la mwaka 1872 liliivunja mikarafuu ya Unguja karibu yote, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za visiwa hivi zikawa ni za kwetu. Waliopanda upya Unguja baada ya upepo ule walikuwemo watu wazima waliojua kuwa huenda wasizichume. Hilo ni kungoja kwa namna yake, na sidhani kama nina haki ya kulielezea.

Ninaloweza kulielezea ni kuanika. Karafuu zikishachumwa huchambuliwa usiku uleule, nyumba nzima mmekaa chini, konyo upande huu na karafuu upande huu, mikono inanuka mpaka wali unakuwa na ladha yake. Asubuhi zinatandazwa juu ya majamvi. Jua likiwa zuri, siku 3 au 4 au 5, zinatoka kwenye ukijani na wekundu wa mwanzo zinakuwa za hudhurungi, ukiivunja moja inalia. Tabu ni kuwa msimu wenyewe mara nyingi unakutana na mvua za vuli. Karafuu zilizonyeshewa huingia ukungu, na za ukungu bei yake unaijua kabla hujafika kwenye mizani. Kwa hivyo mtoto mmoja hubakishwa. Nilipokuwa na miaka 9 aliyebakishwa ni mimi. Mama alikuwa akiniambia: "Kaa hapo, ngoja karafuu."

Miaka mingi nilidhani alikuwa akiniambia nizisubiri zikauke. Sivyo. Kiswahili cha wazee wetu kinasema mngoja mlango kwa mtu anayelinda mlango, na mngojezi kwa mlinzi. Kungoja karafuu ni kuzilinda. Nilikuwa nalinda majamvi kwa kuku, kwa mbuzi, na zaidi ya yote kwa mawingu, na nikiliona moja jeusi limeinuka nilikuwa napiga ukelele, watu wanatoka majikoni na mashambani, tunakunja majamvi na kuyaingiza barazani. Sikumbuki hata siku moja niliyochoka na kazi ile, mimi niliyekuwa siwezi kukaa kimya darasani kwa dakika 10. Siku ilikuwa ndefu, ndiyo, lakini ilikuwa yangu. Nilikuwa na kitu mbele yangu, nakiona, na ninajua nikifanya sawasawa kitakuwa salama jioni.

Ndiyo maana sipendi yale maandishi ya "pole pole" yaliyochapishwa kwenye fulana zinazouzwa Mji Mkongwe. Sina ugomvi na vijana wanaoziuza, wanatafuta riziki. Lakini mgeni anaondoka akiamini kuwa sisi ni watu tusio na haraka, na baya zaidi, sisi wenyewe tumeanza kuliamini hilo. Mtu hajawahi kuona watu wenye haraka kama hajawahi kuona kijiji kinakunja majamvi ya karafuu mvua inakuja.

Sasa nirudi mjini.

Kituo tulichokwenda sitakitaja. Tuliambiwa tufike Jumatatu saa 1 za asubuhi. Tulifika saa 12, benchi lilikuwa limeshajaa. Mama akatafuta pembe, akakaa chini, akatoa ukindu. Alisuka kidogo. Mpaka saa 7 za mchana hakuna aliyetoka kusema neno. Kila mlango ukifunguliwa vichwa vyote vinageuka, na kila anayetoka anapita akitazama karatasi zake. Mwisho mwanamke aliyekuwa akipiga deki ndiye aliyetuambia kwa huruma: daktari leo hayupo, njooni Alkhamisi. Alkhamisi tukaja. Tukangoja. Saa 6 tukasikia kuwa mashine ina hitilafu, njooni Jumatatu. Nani alisema? Mtu mmoja alimwambia mwengine aliyekuwa amemuuliza mwengine.

Jumatatu ya pili mama alikaa kwenye benchi, kikapu mapajani, mikono juu ya kikapu. Hakukifungua. Nikangoja nione. Ikapita saa nzima. Sijawahi kumuona mama amekaa mikono mitupu saa nzima, isipokuwa msibani.

"Mama, leo husuki?"

"Nisuke nikingoja nini?"

Nikatazama pembeni. Mwanamke yule aliyekaa gatini na kusi inampiga saa 3 bila ya kulalamika, sasa alikuwa akiuliza kila anayepita, kwa sauti ambayo sikuizoea, kama ni kweli daktari atakuja. Alikuwa anachezesha mguu. Alikuwa ananifanana mimi. Ilipofika saa 6 akasema, "Mwanangu, nirudishe Pemba. Nitakaa na macho yangu."

Usiku ule, nyumbani kwa shangazi Mwanakwerekwe, sikulala. Nilikuwa nikijiuliza: subira ya mama imekwenda wapi? Haiwezekani ikawa tabia yake ya kuzaliwa halafu ikaisha kwa Jumatatu 2 na Alkhamisi 1.

Jambo moja nililijua bila ya kulisoma popote. Tarehe 10 Disemba 2009 waya wa umeme wa chini ya bahari unaoleta umeme Unguja kutoka Bara ulipopata hitilafu, mimi nilikuwa nasoma mjini, nimepanga chumba. Umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Pemba haikuguswa, wao wakati ule walikuwa na majenereta yao pale Wesha, na mama alikuwa akinipigia simu kutoka kwenye taa kuniuliza kama gizani kuna usalama. Siku za mwanzo ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote, ingawa kwa hesabu zilikuwa chache. Kila jioni mtu anasema leo utarudi, kesho utarudi. Mwenye nyumba wangu alikuwa na samaki kwenye friza. Alingoja kesho ile mpaka wakaoza, akaenda kuwamwaga ufukweni. Ilipokuja kufahamika kuwa ni miezi, nyumba ilibadilika. Akanunua koroboi na ndoo za maji, samaki aliyeletwa akapasuliwa na kutiwa chumvi, watoto wakapangiwa saa za kusoma wakati wa jua. Habari ilikuwa mbaya zaidi na nyumba ikawa na utulivu zaidi. Hakuna aliyepewa waadhi wa kuvumilia. Watu walipewa ukweli, wakapata cha kufanya.

David Maister, aliyeandika mwaka 1985 kuhusu saikolojia ya watu wanaopanga foleni, aliyasema haya kwa utaratibu: kungoja usikojua mwisho wake huonekana kurefu kuliko kungoja unakojua, kungoja usikoelezwa sababu huonekana kurefu kuliko kulikoelezwa, na mwenye shughuli mkononi huona muda ni mfupi. Mama angesema kwani hilo nalo linahitaji kuandikwa. Lakini jambo jengine nililolikuta usiku ule ndilo lililonikalisha kitako.

Wengi wanaijua habari ya Walter Mischel na watoto wa chekechea pale Stanford, Marekani, kuanzia miaka ya 1960: mtoto anawekewa kitamu kimoja, anaambiwa akingoja bila ya kukila atapewa viwili. Kwa miaka mingi watu walilifahamu jambo lile kama nilivyokuwa nikimfahamu mama, kwamba kuna watoto wenye subira na wasio nayo. Kisha Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester wakaongeza hatua moja mbele yake, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2013. Walichukua watoto 28 wa baina ya miaka 3 na 5. Kabla ya kitamu, mtu mzima aliwaahidi vifaa vizuri zaidi vya kuchorea. Kwa watoto 14 alivileta. Kwa 14 wengine alirudi mikono mitupu, akaomba radhi, akasema havipo. Baada ya hapo ndipo kikaletwa kitamu, na ahadi ya cha pili baada ya dakika 15. Waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani wa dakika 12, na 9 kati yao wakafika mwisho. Walioangushwa walingoja dakika 3. Aliyefika mwisho katika hao ni 1.

Watoto wale hawakutofautiana kwa tabia. Waligawiwa tu, huyu huku na huyu huku. Mtoto aliyekila kitamu chake baada ya dakika 3 alikuwa na akili timamu: alishamuona mtu huyu, alishajua neno lake lina uzito gani.

Nikamuona mama pale kwenye benchi.

Bahari haijawahi kumwambia mama njoo Alkhamisi. Jua la kuanikia karafuu huenda likafichwa na wingu, lakini wingu unaliona. Mwezi wa Ramadhani, dakika zile za mwisho kabla ya magharibi, uji wa pilipili manga umeshamiminwa, tambi na muhogo wa nazi viko mbele yako, koo limekauka, na bado ni kungoja kutamu kuliko kote duniani, kwa sababu hakuna hata mmoja kwenye mkeka ule mwenye wasiwasi kuwa jua leo halitazama. Kijana wa Mkoani alisema "upepo", na upepo tulikuwa tunausikia wenyewe usoni. Subira yote ya mama niliyoizoea ilikuwa imejengwa juu ya vitu visivyosema uongo. Alipowekwa mbele ya mlango usiosema kitu, hakukuwa na pa kuishikiza.

Kiswahili kinalijua hili. Tuna "subira yavuta heri", na tuna "ngojangoja huumiza matumbo", na watu hudhani methali hizi zinapingana. Mimi siamini hivyo tena. Ya kwanza inamsema mtu mwenye kitu anachokingoja. Ya pili imelirudia tendo mara mbili, ngoja, ngoja, halina kitu mbele yake wala mwisho, na ni hilo linalokula matumbo. Hata hili neno tunalolitupa ovyo, "nisubiri", limetoka kwenye subira yenyewe. Ukiniambia nikusubiri umeniomba subira yangu. Umekopa.

Na tangu tuko chuo cha Kurani tunaisoma ile sura fupi ya Wal-asri, tunaimaliza kabla ya kutawanyika: binadamu wote wamo hasarani ila walioamini wakatenda mema, wakausiana haki, wakausiana subira. Nimeisoma mara ngapi sijui. Usiku ule ndipo nilipouona mpangilio wake. Haki imetajwa kabla ya subira. Sisi tumeichukua ile ya pili tukaigeuza kuwa waadhi kwa wagonjwa, kwa wastaafu wanaofuatilia mafao yao, kwa mama mwenye faili, "kuweni na subira jamani", na ya kwanza hatumwambii aliyekaa upande wa pili wa mlango. Hili linaniuma. Tunamsifu mtu masikini kwa uvumilivu wake kisha tunautumia uvumilivu huo kama ndio ruhusa ya kumuweka zaidi.

Nisieleweke kuwa moyo wa mtu hauna kazi. Una kazi kubwa. Gatini pale mimi na mama tuliambiwa ukweli uleule mmoja, na bado mimi niliziharibu saa 3 kwa kugombana na upepo. Hizo ni zangu, simlaumu mtu. Kuna kungoja kwingi ambako tumeambiwa kila kitu na bado tunajitesa, kwenye daladala ya Darajani inayongoja kujaa, kwenye kisima, kwenye mashine ya benki. Pale ndipo simu inapotakiwa irudi mfukoni na mtu atafute ukili wake, uwe wa ukindu au wa kitu chengine.

Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, wavuvi wamekuwa wakikubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa muda wa miezi 3 hivi ili pweza wakue. Pweza hukua haraka sana, miezi hiyo michache inamtosha kubadilika kabisa. Lakini fikiria uzito wake kwa mtu ambaye mboga yake ya leo imo ndani ya tundu anayoijua kwa jina. Kila asubuhi ya bamvua anaipita. Hapo hakitoshi kifua chako mwenyewe. Lazima uamini kuwa jirani naye anaipita, na kuwa hakuna anayeshuka usiku na tochi. Mtu mmoja akiiba, subira ya wote inageuka kuwa ujinga. Kwa hivyo wanaofunga hulazimika pia kulinda. Wanaungoja mwamba, kwa maana ile ya mama.

Shangazi ndiye aliyemshika mama asirudi Pemba. Alhamdulillahi. Tukaenda tena mara ya nne, mimi nikiwa nimeshajitayarisha kwa ugomvi. Benchi lilikuwa limejaa vilevile. Lakini kama saa 2 mlango ulifunguliwa, akatoka nesi mmoja, msichana mdogo tu, hata sikupata kulijua jina lake, akasimama mbele yetu akasema kwa sauti ili hata wa nyuma wasikie: "Asalamu alaykum. Daktari yupo, ameshaanza. Leo tunafanya macho 16. Kila mmoja huchukua kama nusu saa, pengine zaidi. Nitawasomea majina kwa utaratibu, na anayeona hawezi kungoja aniambie nimuandike siku nyengine, na siku hiyo nitakuwepo mimi."

Akasoma. Mama alikuwa wa 14.

"Bibi, wewe ni mpaka baada ya laasiri. Nafasi yako nimeiandika, hakuna atakayeichukua. Nenda kasali, pumzika, urudi."

Kutwa nzima, yaani. Zaidi ya saa 6, mara 2 ya zile za Mkoani. Mama akasema, "Ahsante, mwanangu," akanigeukia: "Nipe kikapu."

Benchi zima lilipumua. Mtu akatoa andazi akamgaia aliyekaa ubavuni pake. Wazee 2 waligundua kuwa walisoma skuli moja. Mimi simu niliizima, nikakaa chini karibu na miguu ya mama nikawa namchagulia chane, maana rangi alikuwa hazioni tena vizuri kwenye ule mwangaza wa ukumbini. "Nyekundu," ananiambia, nampa. "Nyeupe." "Nyekundu tena." Adhuhuri ikaingia, tukasali, tukarudi, tukaendelea. Alipoitwa alikuwa amefika pima 9, akanikabidhi ncha niishike isifumuke, akaingia.

Siku ya pili yake asubuhi wakamfungua bandeji. Alikaa kitambo akifumba na kufumbua. Akanitazama usoni, hakusema neno. Kisha akanyoosha mkono aukute ule ukili, akausogeza karibu na lile jicho jipya, akawa anauvuta taratibu baina ya vidole, pima baada ya pima, mpaka akasimama mahali.

"Hapa ulinipa kijani."

Nikamwambia aufumue, bado ni mapema. Akasema aachwe. Mkeka wenyewe uko chumbani kwake sasa, umeshonwa, na ule mstari wa kijani huuoni mpaka uoneshwe. Yeye hupapasa tu. Hizi za Mkoani, ananiambia. Hizi za yule msichana. Za zile siku 3 hakuna hata moja, isipokuwa kipande kifupi kisichofika dhiraa.